Blanketi la Bibi na nyuzi za tumbaku

Blanketi la Bibi ni zito. Asiyelijua akilinyanyua kitandani hushangaa, maana macho yake yameona vipande vya kanga vilivyoungwa, na kanga ni nguo nyepesi. Uzito uko ndani. Juu kuna vipande, chini kuna kitambaa cha pamba kiitwacho marekani, na katikati limelala blanketi la kijivu ambalo Babu alilinunua ujanani, likachakaa hadi ukilielekeza juani unaona mwanga. Sehemu ya miguuni imeongezewa nusu ya blanketi jingine. Bibi alikuwa na hoja yake: baridi ya mwezi wa saba huanzia miguuni, basi miguu ndiyo ipewe zaidi. Anayedhani mkoa wa Tabora hauna baridi hajalala Urambo kiangazi. Uwanda wote ule uko zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri ya mwezi wa sita au wa saba inang'ata.

Kila kipande cha juu ni mraba wa shubiri kwa shubiri, na shubiri yenyewe ni ya mkono wa Bibi, mkono mdogo. Vipande vimepangwa kwa mizunguko kutoka katikati kwenda nje, kwa sababu blanketi lilianza likiwa dogo, la mtoto mchanga, kisha likaendelea kukua kwa zaidi ya miaka arobaini. Pembeni kote limezungushiwa kaniki. Hapo ndipo mikono hushika na kuvuta, na kaniki haionyeshi uchafu upesi.

Naandika kwa sababu kuna jambo linaniuma. Karibu kila anayeliona huanza kwa kusikitika: "Jamani, bibi zetu walipata shida." Shida walipata, sikatai. Ila huruma hiyo inaishia kwenye viraka na haifiki kwa aliyevishona. Bibi alipiga hesabu, alikuwa na jicho la rangi, na aliijua kazi ya sindano kuliko mafundi wengi wenye cherehani. Nimelishika blanketi hili mikononi, nimelikarabati, nimefuata mishono yake kwa kidole, na ninachotaka kusema ni kwamba hii ni kazi ya akili kubwa, iliyofanywa na mwanamke ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwita fundi.

Bibi, mama yake mama yangu, alizaliwa kijijini nje ya mji wa Urambo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alikuwa mtoto Waingereza walipoleta mradi wao wa karanga mwaka 1947. Urambo ilikuwa moja ya sehemu tatu za mradi ule, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Misitu ikang'olewa kwa matrekta, karanga zikakataa, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Kwenye ardhi ile iliyokwisha kufyekwa ikaja tumbaku, na tumbaku haijaondoka mpaka leo. Baba yake Bibi alilima tumbaku, mume wake akalima tumbaku, na yeye mwenyewe, baada ya Babu kufariki, akaendelea kulima tumbaku.

Sindano aliifahamu kwa Wamoraviani. Walikuwa wameipokea misheni ya Urambo mwaka 1898 kutoka kwa London Missionary Society, na alipokuwa msichana kulikuwa na darasa la kushona la wasichana na akina mama. Walifundishwa kupiga bandi, kukunja upindo, kutarizi na kufuma. Wenzake walipenda sana kutarizi mashuka: maua kwenye pembe, ndege wawili wakitazamana, maneno ya kumkaribisha mgeni. Mashuka hayo bado yapo katika nyumba nyingi za Tabora na Kigoma, yanatolewa sandukuni mgeni akija. Bibi aliyatarizi pia, na mawili anayo Mama. Lakini kilichomvutia zaidi ni kuunga, yaani kuchukua nguo mbili ambazo hazikuwa na uhusiano na kuzifanya zikae pamoja bila mojawapo kuivuta nyingine.

Muda wa kushona ulitoka kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku. Aliyekulia kwenye tumbaku ya mvuke anaijua kazi hii, na asiyeijua naomba anivumilie kidogo. Majani yakishachumwa hufungwa kwenye fito kwa nyuzi za pamba, fito zikapandishwa ndani ya bani, moto ukawashwa nje na joto likapitishwa ndani kwa mabomba. Kukausha kunachukua karibu wiki nzima, na moto haulali. Joto huanza dogo ili jani ligeuke njano, kisha hupandishwa taratibu hadi mshipa wa katikati ukauke. Moto ukizidi mapema, jani linaungua rangi. Ukizima usiku, jani linaoza. Kwa hiyo lazima mtu akeshe, na nyumbani kwa Babu mkeshaji alikuwa Bibi, kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa nne, miaka nenda miaka rudi. Alikaa kwenye kigoda karibu na tanuri, koroboi pembeni, kapu la vipande mapajani. Akiongeza kuni anashona, akishona anasikiliza moto.

Naijua tumbaku ilivyokula miombo yetu kwa kuni za mabani, na sitaki kuipamba. Ila sehemu kubwa ya blanketi hili ilishonwa kwenye mwanga wa moto ule.

Hata uzi ulitoka huko huko. Tumbaku ikishakauka na kushushwa, nyuzi za kufungia majani hukatwa na kutupwa, au huwekwa kwa msimu ujao. Bibi aliziokota zilizokuwa fupi mno kutumika tena. Alizisokotoa kwa vidole mpaka uzi mmoja mnene ukawa nyuzi tatu au nne nyembamba, kisha akazisokota upya mojamoja juu ya paja. Baada ya hapo alichukua donge la nta ya nyuki, akaupitisha uzi juu yake mara kadhaa ukiwa umekazwa. Nta Tabora haijawahi kuwa shida, mizinga imejaa porini na warina asali walipita nyumbani kila msimu. Uzi uliopakwa nta haufumki, haushiki vinyweleo vya nguo, na unapita kwenye tabaka tatu bila kukwama. Mafundi wa viatu wanaijua siri hiyo. Sikumbuki kumwona fundi wa nguo akiitumia, lakini mishono ya Bibi ya miaka ya 1960 bado imekaza, na ile niliyoongeza mimi kwa uzi wa dukani imeanza kulegea.

Mishono yenyewe ni midogo. Ukiweka ncha ya kidole cha shahada juu ya mstari, unafunika mishono mitano, wakati mwingine sita. Anashuka kwenye tabaka zote tatu na kupanda tena, kila baada ya vidole vitatu mstari mwingine, ili blanketi la ndani lisijikusanye upande mmoja. Mizunguko ya mwanzo ina mistari iliyonyooka. Baadaye akaanza kuizungusha, na kwenye baadhi ya vipande uzi unafuata maua ya kanga yenyewe, jani kwa jani, kiasi kwamba ukiligeuza upande wa marekani unaona ua lile lile limechorwa kwa uzi mtupu juu ya nguo nyeupe.

Marekani haiko pale kwa bahati. Bibi aliitaka kwa sababu mama yake aliitumia, na mama wa mama yake. Kitambaa hiki ambacho hakijapaushwa kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, Marekani, kikapakiwa merikebuni Salem, kikashushwa Unguja, na kutoka pwani kikapandishwa bara mabegani mwa wapagazi. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, pembe za ndovu zikishuka na majora ya nguo yakipanda, mzigo wa mtu mmoja ukikaribia kilo 30 au kuzidi. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, waliingia katika nchi ambayo nguo ilikuwa fedha. Hongo, yaani ushuru wa kupita, ililipwa kwa nguo, posho ililipwa kwa nguo, chakula kilinunuliwa kwa nguo, na hesabu ilikwenda kwa shuka na doti. Pamoja na marekani ilikuja kaniki, iliyotiwa nili ikawa ya samawati inayokaribia weusi, kutoka India.

Na kabla ya hizo Unyamwezi ilikuwa na wafumaji wake wa pamba, na watu waliovaa magome ya miti yaliyopondwa yakawa laini. Nguo za meli zilikuwa rahisi kupatikana, kazi ile ikafifia. Nikifikiri juu ya hilo naona Bibi hakuanzisha jambo geni. Mikono ya huku ilikuwa na nguo tangu zamani.

Kanga ilifika baadaye. Ilizaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, safari ya miezi ikawa ya siku. Katikati kabisa ya blanketi kuna vipande vinne: kaniki ya mama yake Bibi, marekani iliyokuwa kanzu ya baba yake, kanga ambayo Babu alimnunulia alipokuja kuposa, na kitambaa chekundu cha pamba ambacho hakuna aliyebaki anayejua kilikuwa nini. Mama Mkubwa alizaliwa mwaka wa Uhuru, 1961, na vipande hivyo vinne pamoja na mzunguko unaovifuata vilikuwa blanketi lake.

Kila mtoto alipozaliwa Bibi aliongeza mzunguko. Hakuna kipande kisicho na mwenyewe. Kuna kaki ya kaptura ya shule ya Mjomba. Kuna Kaunda suti ya Babu, ile aliyovaa kwenye mikutano ya ushirika, ambayo Bibi aliikata bila kumwambia, na hadithi ya ugomvi uliofuata bado inasimuliwa sikukuu. Kuna kitenge cha mwanamke wa Ulyankulu, mmoja wa Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kupewa makazi huko. Alikuja kufanya kibarua cha kuchuma tumbaku, akawa rafiki wa Bibi, wakabadilishana: chupa ya asali kwa upande wa kitenge. Wajukuu wake walipata uraia wa Tanzania mwaka 2014 na tunasalimiana nao mpaka leo kwa ajili ya kitenge hicho. Kuna kijani na njano za kanga ya Chama. Bibi hakuwa mtu wa siasa. Alisema kanga za bure hazina kosa.

Maneno ya kanga yanahitaji kuelezwa peke yake. Mraba wa shubiri hautoshi jina zima, kwa hiyo alikata neno moja au mawili. MGENI NJOO. HAUOZI. HASIDI HANA. Sasa ukikaa katikati ya blanketi ukatazama mizunguko ya kwanza, utaona maneno yamelala ovyo: mengine yameinamisha kichwa, mengine yamesimama kwa ubavu, moja limeshonwa kinyume, upande wa ndani nje. Ukisogea nje mzunguko mmoja mambo yanabadilika. Kuanzia hapo kila neno limesimama sawasawa, likimtazama aliyelala.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kisomo ikaendelea miaka iliyofuata. Kijijini kwa Bibi darasa lilikuwa chini ya mwembe, jioni, baada ya shamba. Aliingia akiwa hajui herufi hata moja. Mama anasema alikuwa akirudi nyumbani anatandika blanketi sakafuni na kuanza kulisoma, kipande kwa kipande, akipindisha shingo kufuata maneno aliyoyashona vibaya miaka iliyopita. Nilipokuwa msichana nilimuuliza kwa nini asiyafumue akayageuza.

"Wakati ule nilikuwa sijasoma, mke mwenzangu," aliniambia. Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Acha ionekane."

Sijui maandishi mengine yanayonionyesha siku mtu alipoanza kusoma kwa uwazi wa namna hii.

Operesheni Vijiji, ya serikali kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, ilipokuja walihamishwa kilomita chache, wakajenga upya, blanketi likahama nao. Miaka hiyo ina mzunguko mmoja mwembamba na Bibi hakupenda kuizungumza.

Mzunguko ninaourudia kila mara ni wa mwanzo wa miaka ya 1980. Wasomaji wa umri wangu hawaikumbuki njaa ya nguo, tumeisikia tu. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa kimefunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwanza kulikuwa na Mwatex, na kwa muda kanga na vitenge vya nyumbani vilijaa madukani. Kisha ikaja vita vya Kagera, 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei, fedha za kigeni zikakauka, viwanda vikakosa vipuri na rangi. Nguo zikawa za foleni. Zilizofika kijijini kupitia RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, ziligawiwa kwa orodha, na mtu aliweza kusubiri msimu mzima jina lake lifikiwe. Mama anakumbuka doti ikikatwa pale pale dukani, wanawake wawili kila mmoja akaondoka na upande wake. Walikuwepo waliovaa magunia, na haikuwa aibu ya mtu mmoja kwa sababu ilikuwa ya wote.

Mtu angetegemea mzunguko wa miaka hiyo uwe dhaifu, au usiwepo. Upo, na ndio uliotengenezwa kwa ustadi kuliko yote. Kwa kuwa hakuwa na kipande kizima cha shubiri, Bibi alianza kukata pembetatu. Kola ya shati iliyochanika ilitoa pembetatu mbili. Mfuko wa suruali ulitoa moja. Alikusanya hata upindo wa kanga uliobaki baada ya nguo yenyewe kwisha. Kila mraba ukawa na pembetatu mbili, nne au nane, na akazigawa kwa jicho: za giza upande mmoja, za mwanga upande mwingine. Ukilisogelea unaona takataka za nguo. Ukirudi nyuma hatua tatu unaona mstari mweupe unaopanda na kushuka kwa pembe, ukilizunguka blanketi zima.

Na kwenye kona haukatiki. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu. Mstari wa namna hiyo ukifika kwenye kona una matatizo: idadi ya pembetatu isipogawanyika vizuri, unafika ukiwa juu wakati unatakiwa uwe chini, na kona inaharibika. Nilichukua karatasi ya miraba ya hesabu na penseli za rangi nikajaribu kuuchora. Bibi alikuwa amelitatua kwa kuanza kutoka kwenye kona nne kwenda katikati ya kila upande, na pale mistari miwili ilipokutana akaweka mraba mmoja mzima, wa kaniki. Miraba hiyo minne ya kaniki ipo, kila upande mmoja, katikati kabisa. Kwa miaka mingi sisi wote tulidhani ni viraka vya kuziba matundu.

Huyu ni mwanamke aliyepata nguo mpya mara moja kwa miaka miwili, anayekesha kwenye bani, mwenye watoto sita. Na akakaa chini akahesabu kona. Wakinionyesha kazi ya msanii aliyesifiwa mijini naiheshimu, lakini namkumbuka Bibi na kona zake.

Mambo yalipofunguka katikati ya muongo huo mitumba ikaanza kuingia, na kufikia miaka ya 1990 gulio la Urambo lilikuwa na mirundo ya nguo za Ulaya na Marekani. Vitambaa ambavyo Bibi hakuwahi kuviona: kodroi, fulana zinazovutika, mashati yanayong'aa. Wengi wangevichangamkia. Yeye alivikagua. Alichomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani akauweka kwenye moto. Uzi wa pamba unawaka, unanuka karatasi iliyoungua, na unaacha jivu laini. Uzi wa plastiki unayeyuka, unajikunja, unaacha tone gumu jeusi. Kilichoyeyuka hakuingia nacho ndani. Alisema pamba na plastiki hazinywei sawasawa, ukizifua pamoja moja inasinyaa na nyingine inabaki, mshono unakuwa na makunyanzi, na mwisho ile ngumu inaikata ile laini. Ni kweli. Mizunguko ya mitumba ina kodroi za kahawia, jinzi zilizopauka na mashati ya pamba ya mistari, na hakuna hata kipande kimoja kinachong'aa.

Alishona mara ya mwisho macho yalipomzuia. Mzunguko wa nje una kanga za wajukuu, na yangu imo: ya njano yenye korosho za bluu, niliyoipata nilipomaliza darasa la saba.

Bibi alipofariki na msiba kwisha, familia ilikaa kugawa vitu vyake. Jembe, vyungu, mashuka yaliyotariziwa, mizinga miwili, vyote viligawika kwa amani. Blanketi likaleta maneno. Mjomba alitaka kulipeleka Dar es Salaam, aliwekee fremu ya kioo sebuleni, na nia yake ilikuwa njema kwa sababu alilia alipokuwa anasema. Mwingine akasema watalii wangelinunua kwa fedha nzuri ambazo zingejenga kaburi. Mama akanyamaza. Mama Mkubwa ndiye aliyeamua, kwa kuwa blanketi lilianza kwake: litalala kwenye nyumba yenye mtoto mchanga, likihama kadiri watoto wanavyozaliwa, na kila nyumba italitengeneza kabla ya kulitoa.

Nilikuwa upande wa Mjomba siku hiyo. Sasa niko upande wa Mama Mkubwa kabisa, na sababu ni za kazi. Nguo iliyokunjwa na kufungiwa huvunjikia kwenye mikunjo. Mwanga wa kioo sebuleni huchukua rangi ya kanga. Panya na nondo hupenda kisichoguswa. Na zaidi ya hayo, blanketi hili lilishonwa ili litengenezwe tena na tena. Kipande kikichakaa Bibi hakukitoa. Alikata kingine cha shubiri hiyo hiyo akakiweka juu, akakunja upindo, akashonea pembeni. Karibu na kidevuni, ambako mikono huvuta, kuna mahali penye nguo nne moja juu ya nyingine, na ukipapasa unasikia ngazi. Ukiliweka ukutani leo, unakuwa umeamua kwamba mtu wa mwisho kuongeza kitu amekwisha kufa.

Kulifua kuna utaratibu wake, na nauandika kwa faida ya binamu zangu. Ni mara moja kwa mwaka, kiangazi, kwenye beseni kubwa, maji baridi na sabuni ya mche iliyokwanguliwa. Likanyagwe kwa miguu taratibu. Lisikamuliwe. Lisitundikwe kwenye kamba, kwa kuwa likiwa na maji uzito wake unapasua mishono; litandazwe kwenye kichanja kivulini na kugeuzwa mchana. Kanga mpya isiingizwe kabla ya kulowekwa kwenye maji ya chumvi na kufuliwa hadi maji yatoke meupe. Bibi alikuwa akiweka majani makavu ya tumbaku sandukuni kufukuza wadudu. Kwa kuwa sasa wanalala watoto wachanga, sisi tunaweka muarobaini.

Mwaka huu blanketi liko Kaliua, kwa binti wa Mama Mdogo aliyejifungua masika. Mama Mkubwa amekwenda kukaa naye na ameagiza kila nyumba ilete nguo, kwa sababu mzunguko mpya umeanza, wa kwanza tangu Bibi. Nilizunguka soko la Tabora nikitafuta kitenge. Vingi siku hizi vimechanganywa. Muuza duka mmoja aliniangalia nilipomwomba uzi kidogo na kibiriti, lakini alinipa, na mwenyewe akainama kutazama. Cha kwanza kiliyeyuka. Cha pili kikayeyuka. Cha tatu kiliacha jivu, nikakata yadi mbili, nikazifua, nikazituma kwa basi pamoja na donge la nta.

Mama Mkubwa haoni vizuri tena, kwa hiyo anapima kwa shubiri yake na kukagua kwa ncha za vidole. Anayetunga uzi na kupiga bandi ni kijana wa nyumba hiyo, mtoto wa darasa la tatu aliyejipeleka mwenyewe akaomba sindano. Kwenye simu juzi nilimsikia akilalamika kwamba ameambiwa afumue upande mzima, mishono yake ni mirefu, na kona ya kwanza haijakaa sawa. Nimemwahidi kumpelekea ile karatasi yangu ya miraba.